Khaja haifunguki? Ivunje utazame ndani: dalili, sababu na dawa yake

Jamani kabla hujamwaga unga, kabla hujamlaumu aliyekupa vipimo, chukua khaja moja (mithai ya Kihindi ya matabaka) katika hizo zilizoharibika, iache ipoe, ivunje katikati na utazame ndani. Hilo ndo jambo la kwanza nililofundishwa na Anti, jirani yetu wa ghorofa ya juu Upanga, mama wa watu katokea Patna huko Bihar, India, mumewe alikuwa na mkataba wa kazi Dar. Nilimpandishia sahani yangu ya kwanza kwa furaha zote, yeye hata hakuonja, aliokota moja akaisogeza karibu na sikio akaivunja. Kimya. Haikutoa mlio wowote. Akanionyesha ndani kumeshikana kama mkate usioiva akaniambia kwa Kiswahili chake cha mwaka mmoja, "beti (yani binti yangu), mafuta moto sana, yamefunga mlango, mvuke umebaki ndani." Hakuniuliza nimetia unga kiasi gani wala samli kiasi gani. Alisoma tu pale palipovunjika.

Tangu siku hiyo nimepika khaja nyingi sana, na zilizoharibika nazo ni nyingi, na kila anayeniletea shida yake namwambia hivohivo, ivunje kwanza. Maana shida zinafanana kwa nje lakini kwa ndani kila moja ina sura yake, na ukitibu ugonjwa usiokuwepo unaongeza mwingine. Mtu khaja yake imenyonya mafuta anaambiwa apunguze samli kwenye unga, anapunguza, kesho inakuwa ngumu kama kokoto na mafuta bado imenyonya.

Kwa asiyeijua, khaja ni mithai ya Kihindi ya unga wa ngano yenye matabaka membamba yanayovunjika mdomoni, inakaangwa kwenye samli au mafuta kwa moto mdogo halafu inachovywa kwenye shira. Nyumba ya khaja inayosifiwa kuliko zote ni Silao, mji mdogo Bihar ulioko kati ya Nalanda na Rajgir, na mwaka 2018 khaja ya Silao ilipewa hati ya kijiografia ya India, yani ile inayolinda jina la bidhaa na mahali inapotoka. Pale Silao khaja moja hujengwa kwa karatasi za unga kama 12 mpaka 16, nyembamba sana, moja juu ya nyingine. Wenyeji wanasimulia kwamba Buddha alipopita njia hiyo alipewa khaja, na mtafiti mmoja wa mambo ya kale, J. D. Beglar, alipofika Silao kwenye miaka ya 1872 na 1873 alikuta watu wanaihusisha na mfalme wa hadithi Vikramaditya. Hizo ni simulizi tu, lakini zinakuonyesha wenyewe wanaipa heshima gani. Kuna msemo wa Kihindi wa zamani unaosema mji wa giza, mfalme mpumbavu, mboga na khaja bei moja. Ukishasukuma karatasi za khaja kwa mkono wako mwenyewe unauelewa msemo huo mpaka kwenye mabega.

Kwanza jiulize unapika khaja ipi

Hapa ndo wengi wanapopotea, na ndo maana nimeanza na huko inakotoka. Mtu anaangalia video moja, anasoma vipimo vya mwingine, halafu anaona kosa mahali ambapo hakuna kosa.

Khaja ya Silao ni nyepesi, imevimba, ukiibana inavunjika vipande vyembamba, na utamu wake sio wa kulowana. Khaja ya Puri, kule Odisha, imekaa ndefu kidogo, ukiitazama ubavuni unaona mzunguko kama wa mkeka uliokunjwa, na ni moja ya vitu vikavu vinavyotolewa sadaka kwenye hekalu la Jagannath, mungu wa Kihindu, mahujaji wanarudi nayo makwao kwa sababu inastahimili safari. Ukienda kusini Andhra mambo yanabadilika, wao wanaiita kaja. Ile ya Kakinada ina umbo la bomba na ukiing'ata shira inakutiririkia mdomoni, yani ndani kulowa ndo sifa yake, na ile ya Tapeswaram inakunjwakunjwa kama utepe. Maharashtra na Karnataka wana ndugu yake anaitwa chirote, mviringo, mara nyingi wanainyunyizia sukari ya unga tu.

Kwahiyo mtu akiniambia "khaja yangu ina shira ndani" namuuliza ulitaka ya wapi. Kama ulitaka ya Kakinada basi hongera.

Na hapa kwetu usishangae ukizunguka maduka ya mithai Dar au Mombasa usiione kirahisi. Wahindi waliojenga maduka haya wengi wao asili yao ni Gujarat na Kutch, na waliokuja kujenga reli ya Uganda kuanzia 1896 wengi walitoka Punjab. Watu wa Bihar walichukuliwa zaidi kwenda kwenye mashamba ya miwa Mauritius na visiwa vya mbali zaidi. Ndo maana kwenye kabati la vioo unakuta jalebi, ladu na barfi. Tena ukimuuliza mtu mwenye asili ya Surat habari ya khaja anaweza kukuletea ya pilipili manga, kavu, ya kuliwa na ndimu wakati wa mvua, nayo ni khaja halali kabisa ila sio tunayoizungumzia hapa.

Mi naongelea ya matabaka na shira, kwa mkono wa nyumbani, karibu na ile ya Puri na Bihar.

Vipimo vya kuanzia, ili tuongee lugha moja

Unga mweupe wa ngano gramu 250, chumvi chembe, samli vijiko vikubwa 3 vya kufikichia ndani ya unga, maji baridi kama mililita 110, yanaweza kuzidi au kupungua kidogo kutegemea na unga wako. Kanda ushikane, uwe mgumu kuliko wa chapati, funika upumzike nusu saa. Pembeni changanya samli vijiko 3 na unga wa mchele vijiko 3 mpaka iwe laini kama siagi iliyokaa nje, Wahindi wanaita sata, na hiyo sata ndo roho ya khaja. Gawa madonge 5, sukuma kila moja nyembamba mpaka uone kibao kwa chini, paka sata kwenye ya kwanza, weka ya pili juu, paka tena, mpaka zote tano. Kunja kama mkeka kwa kubana, mwisho pakaa maji ili ushike. Kata vipande vya upana wa kidole gumba, kila kipande kipitishie kifimbo mara moja au mbili kwa mkono mwepesi kirefuke kidogo. Kaanga moto mdogo. Shira ni sukari gramu 300 kwa maji mililita 150, iliki, na ndimu kidogo.

Anayejua chapati za kukunja ameshaelewa nusu ya kazi, mafuta yanayopakwa katikati ndo yanayozuia unga usishikane tena. Tofauti ni kwamba chapati unataka ibaki laini na khaja unataka maji yote yaondoke.

Sasa twende kwenye shida zenyewe.

Matabaka hayajafunguka kabisa

Hii ndo shida ya watu wengi na ndo nitakaa nayo muda mrefu, maana ina sababu kama nne na kila moja inasomeka ukishaivunja.

Elewa kwanza kinachofungua khaja ni nini. Hakuna hamira wala baking poda, kinachoinua ni maji yaliyomo kwenye unga, yakipata moto yanageuka mvuke, na maji yakigeuka mvuke yanatanuka zaidi ya mara 1,600. Mvuke huo unatafuta njia, unakuta samli imetenganisha karatasi, unapenya hapo unazisukuma. Samli isipokuwepo unatokea popote au hautoki kabisa. Na kama ganda la nje limeshakauka kabla mvuke haujaanza kazi, ndo ule mlango uliofungwa aliousema Anti.

Sasa ivunje. Ukikuta nje kahawia nzuri lakini ndani kweupe, kumeloa, kunanukia unga mbichi, tatizo ni moto, basi. Mafuta yalikuwa makali wakati inaingia. Usiguse kitu kingine chochote. Mafuta ya kuanzia yawe kama nyuzijoto 130 mpaka 140, na kama huna kipima joto fanya hivi, chukua kipande cha unga kama punje ya dengu kitupie kwenye karai, kizame, kikae chini ukihesabu taratibu mpaka kumi hivi, halafu kielee juu kikiwa na vipovu vidogovidogo. Kikirukia juu hapohapo na povu jingi, zima jiko usubiri. Watu wanashindwa kusubiri! Hapo ndo khaja nyingi zinapofia.

Ukikuta ndani kumeiva, kukavu, lakini ni kitu kimoja kama biskuti, karatasi hazionekani au zinaonekana kama mistari tu kwenye mbao, basi sata imepotea. Hii inatupata sana sisi wa pwani. Dar mwezi wa Februari samli haigandi mezani, inakuwa maji, ukiipaka inanywewa na unga na vumbi la mchele linabaki peke yake, karatasi zinashikana zote. Mi sata yangu naiweka kwenye friji dakika kama kumi kabla ya kupaka, naitoa ikiwa nzito lakini inapakika kwa vidole, na lile gogo nikishalikunja nalo naliweka kwenye friji robo saa kabla ya kukata. Ukitumia mafuta ya maji badala ya samli kwenye sata utapata shida hii hata wakati wa baridi.

Ukikuta katikati matabaka yapo mazuri ila kwenye ncha mbili kumefungwa kumebanana, hicho ni kisu. Kisu butu kinaminya badala ya kukata, kinabandika kingo za karatasi pamoja. Noa kisu, kata kwa mkupuo mmoja, usikereze kama unakata mkate wa boflo.

Na ukikuta upande mmoja umefunguka na mwingine umelala kama umekanyagwa, hapo umesukuma kwa nguvu mwishoni. Ile kupitisha kifimbo sio kusukuma chapati. Nilikuwa nabonyeza kwa mazoea tu ya mkono, Anti akanishika kiganja changu akakiweka juu ya kifimbo bila kukibana akakiviringisha, uzito wa kifimbo chenyewe ndo unafanya kazi. Mara moja kwenda, mara moja kurudi, acha.

Zinafumuka kwenye karai, zinabaki vipandevipande

Hii ni kinyume chake. Usitazame khaja, tazama chini ya karai baada ya kuchuja mafuta.

Kama takataka zilizobaki ni za karatasi, vipande vyembamba virefu, gogo lako lilikunjwa kwa kulegea, au hukupakaa maji pale mwisho, au umemwagia unga mkavu mwingi kati ya karatasi mpaka hazishikani kabisa. Kunja kwa kubana tangu ule mkunjo wa kwanza kabisa, maana ukilegea pale katikati hata ukibana mwishoni inabaki shimo.

Kama takataka ni kama mchanga, na khaja yenyewe inamomonyoka hata ukiigusa na mwiko, samli uliyofikicha kwenye unga imezidi. Vijiko 3 kwa robo kilo vinatosha, na kipimo cha mkono ni hiki, ukishafikicha chukua unga ufumbate kwenye ngumi, ukifungua kiganja ubaki donge lakini ukilisukuma na kidole livunjike. Likibaki gumu kama udongo wa mfinyanzi imezidi, lisiposhikana kabisa imepungua.

Na pia usizichokonoe mapema. Zikiingia ziache zikae chini zipande zenyewe, ukiona zimeelea na zimeanza kukakamaa ndo unageuza kwa utaratibu. Kuna mtu atakwambia mwagia mafuta kwa juu na kijiko ili zifunguke, ni kweli inasaidia, lakini zikishaelea, sio kabla.

Zimenyonya mafuta

Ibonye kwenye karatasi jeupe. Ikiacha alama ya mafuta nje tu, hukuichuja vizuri, zisimamishe wima kwenye chujio au waya, sio kuzilaza kwenye sahani zikiogelea, maana matabaka ni kama mifuko, ukilaza yanahifadhi mafuta ndani. Hiyo peke yake ilinitatulia nusu ya tatizo.

Ikitoa mafuta kutoka ndani kila ukibonya, mafuta yalikuwa ya baridi mno au umejaza karai. Nimesema moto mdogo lakini mdogo una mwisho wake. Kama zimeingia na hakuna hata kipovu kimoja kwa dakika nzima, hapo zinalowekwa, hazikaangwi. Na ukiweka 12 kwenye karai la kuweka 6, moto unashuka ghafla na hauji kupanda mpaka zimeshanywa. Kwenye jiko la mkaa hii ni kazi zaidi kidogo, punguza mkaa, sukumia pembeni, ila usizime kabisa. Jumla ya muda ni dakika 12 mpaka 15 kwa awamu moja, na zile dakika 2 za mwisho ongeza moto kidogo mpaka kama nyuzijoto 160, hapo zinapata rangi na mafuta yaliyoingia yanatoka kiasi.

Halafu unga ulioloa sana nao unanyonya. Kama umekanda ukawa laini kama wa maandazi, hakuna moto utakaokuokoa.

Ngumu, inavuta kama mpira

Hapa kuna shida mbili na watu wanazichanganya. Kuna ile ngumu tangu inatoka kwenye karai, ukiitafuna inavutika. Umekanda sana na hukupumzisha, au umetumia unga wenye nguvu wa mikate. Unga wa ngano ukikandwa na maji unatengeneza nyuzi zinazovutana, mkate unazihitaji, khaja hapana. Kanda ushikane tu, hata ukiwa na mabakamabaka acha, ile nusu saa ya kupumzika itamaliza. Dalili yake utaiona mapema, ukisukuma karatasi inarudi nyuma kama lastiki. Ikirudi usishindane nayo, funika, kanywe chai, rudi baada ya robo saa.

Na kuna ile iliyotoka inalia kri kri vizuri, baada ya saa moja imelainika kabla hata ya shira. Hiyo haijaiva. Maji yamebaki katikati yanatembea kuja nje taratibu. Ivunje utaona kistari cheupe chembamba katikati kabisa, kigumu kukiona lakini kipo. Muda uongezwe, sio moto. Hizi zinaokoleka, zirudishe kwenye mafuta ya moto mdogo dakika 4 au 5, ila kama hujazitia shira bado. Ukishatia shira usizirudishe, sukari itaungua na mafuta yote utayatupa.

Matatizo ya shira

Sisi shira tunaijua, kaimati zinapigwa shira na visheti vinapigwa shira, na humohumo ndo kuna mtego. Shira ya kaimati inaweza kuwa nyepesi, ya visheti inapikwa mpaka ikauke nyeupe ishike kama theluji, na ya khaja iko katikati. Inaitwa ya uzi mmoja. Chukua tone, liache lipoe sekunde chache, libane kati ya kidole gumba na cha shahada, achanisha polepole, ukipata uzi mmoja mwembamba unaonyooka bila kukatika haraka, epua. Kwa kipima joto ni kama nyuzi 105. Zinapita sekunde chache tu kutoka hapo mpaka ikazidi kwahiyo usiondoke jikoni kwenda kujibu simu.

Khaja imelowa, imekuwa kama mkate uliochovywa chai: shira ilikuwa nyepesi, haikufika uzi, au vyote viwili vilikuwa vya moto sana. Mi nachovya khaja ikiwa ya uvuguvugu na shira ikiwa ya joto la kustahimilika na kidole, sekunde 20 hadi 30, natoa, nasimamisha kwenye waya. Ya Kakinada unaiacha muda zaidi kwa makusudi.

Utamu umebaki nje tu, ndani hauna ladha: khaja ilikuwa baridi kabisa na shira imeanza kuwa nzito. Ipashe shira tone la maji likiongezwa.

Nyeupe, imefanya chengachenga juu: sukari imerudi kuwa sukari. Umekoroga baada ya kuchemka, au kuna punje zilizoganda kwenye ukuta wa sufuria zikaanguka ndani, punje moja inatosha kuwaita wenzake wote. Koroga mpaka sukari iyeyuke, ikianza kuchemka acha kabisa mwiko, futa ukuta wa sufuria kwa brashi au kitambaa kilicholoa. Tia maji ya ndimu kijiko kidogo kimoja. Ndimu inafanya kazi ya kweli pale, asidi yake inaivunja sehemu ya sukari kuwa glukosi na fruktosi na hizo mbili zinaingilia kati punje zisijipange. Ila hapa sasa usikilize vizuri wewe wa pwani, ukizidisha ndimu na ukachemsha sana unapata shira inayonata isiyokauka, maana fruktosi inavuta unyevu wa hewani. Kwahiyo kunata siku nzima bila kukauka ni ama shira haijafika uzi ama ndimu imezidi, onja, ukali wake utakwambia ni ipi.

Kama ile weupe unaipenda na umeipika kavu kwa makusudi, ni sawa pia, zipo khaja za hivo.

Ladha sio nzuri

Kwa kifupi tu. Ukisikia uchungu mwishoni, mafuta yameshatumika mara nyingi au mabaki ya awamu ya kwanza yameungua chini, chuja kila awamu. Ukisikia harufu ya samli iliyochacha hakuna dawa, nunua nyingine, samli ya khaja inusiwe kabla ya kutiwa. Iliki itwangwe siku hiyohiyo na itiwe shira ikishaepuliwa.

Ilikuwa nzuri jana, leo imelegea

Hii inawaumiza roho watu na nawahurumia, kwa sababu hawajakosea kupika. Silao ni bara, mbali na bahari, na watu wa pale wanasema ukavu wa khaja yao unatokana na maji ya mji wao. Sisi tuna hewa ya Tanga, Unguja, Mombasa, asubuhi chumvi yenyewe imelowa kwenye kikopo. Sukari inavuta unyevu, karatasi nyembamba za unga kavu zinavuta unyevu, umeziacha kwenye sinia limefunikwa na kitambaa usiku kucha, unategemea nini.

Lakini nilipojua kwamba Puri iko ufukweni kabisa, kwenye Ghuba ya Bengal, na sherehe yao kubwa ya magari ya Jagannath inaangukia Juni au Julai masika ya kwao yameshafunguka, nikapata moyo. Kama wao wanauza khaja barabara nzima mbele ya hekalu kwenye hewa ile na inafika salama kwa watu waliosafiri siku mbili, na sisi tunaweza. Ninachofanya ni hiki. Shira naipika ifike uzi kamili, ndimu naipunguza iwe nusu kijiko. Zikishachovywa zinakaa kwenye waya chini ya feni mpaka uso ukauke, sio kunata kidoleni. Zikipoa kabisa kabisa, maana zikiwa na joto hata dogo zitatoa jasho ndani ya kopo, nazipanga kwenye kopo la bati lenye mfuniko wa kubana na karatasi kati ya safu na safu, nalijaza mpaka juu ili hewa iwe kidogo. Friji usiweke, ukizitoa tu zinapata umande.

Zilizolegea zirudishe kwenye oven nyuzi 100 dakika kama 10, zitatoka bado laini usiogope, zinakakamaa zikipoa. Na kama kuna shughuli, harusi au Idi, na mawingu yametanda, usizitie shira kabisa. Kaanga siku mbili kabla, zihifadhi kavu kwenye kopo, hizo hata wiki zinakaa, na asubuhi ya shughuli ndo unapika shira yako unachovya, wageni wanakuta bado zinalia.